Namna ya Kumlipia Mtoto Michezo kwa Kipato Kidogo: Mwongozo kwa Wazazi, Walimu na Makocha wa Mitaani

Mtoto anapoacha kwenda mazoezini, jibu linalotolewa nyumbani huwa moja: hana njumu. Ukiendelea kuuliza utagundua kwamba njumu zilikuwa za mwisho katika orodha ndefu, na kwamba kabla yake palikuwa na nauli ya daladala, mchango wa jezi, chakula ambacho mtoto alikikosa kwa kuchelewa kurudi, na kiwanja cha jirani kilichogeuzwa gereji. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mzazi wa Tanzania Bara, pamoja na mwalimu na kocha wa mtaani wanaobeba mzigo uleule. Zanzibar ina wizara na baraza lake la michezo, kwa hiyo baadhi ya ofisi zitakazotajwa hapa huko zina majina mengine.

Jambo moja lieleweke mapema, kwa sababu hatua zote zinazofuata zinalitegemea. Ziko nchi ambazo serikali humpa mzazi msaada wa michezo moja kwa moja. Ufaransa, kwa mfano, tangu mwaka 2021 imekuwa na mpango wa Pass'Sport, ulioanza kwa euro 50, unaopunguza ada ya klabu kwa watoto wa familia zenye kipato kidogo. Kwetu hakuna mpango wa namna hiyo. Fedha ya serikali inayohusu michezo ya watoto hupitia shule, halmashauri na misamaha ya kodi, na mara nyingi huishia huko ikiwa hakuna anayeifuata. Kazi ya mzazi basi ni kujua imefika mlango upi, kisha kwenda kubisha hodi akiwa na karatasi mkononi na, ikiwezekana, akiwa na wazazi wenzake.

Andika gharama zote kabla ya kulipa hata moja

Chukua daftari na ugawe ukurasa katika sehemu mbili. Upande mmoja uandike vitu vinavyonunuliwa mara moja kwa msimu, yaani njumu, soksi, bukta, vikinga ugoko na mchango wa jezi. Upande wa pili uandike vinavyorudi kila wiki: nauli, maji, chakula cha baada ya mazoezi, na ada ya mwezi kama mtoto yuko akademi. Wazazi wengi huogopa upande wa kwanza kwa sababu fedha yake hutoka kwa mkupuo, lakini upande wa pili ndio unaomaliza mfuko. Tuseme nauli ni shilingi 600 kwenda na 600 kurudi, na mazoezi ni mara tatu kwa wiki. Hiyo ni shilingi 3,600 kwa wiki, na kwa wiki 40 ni shilingi 144,000, fedha ambayo ingenunua njumu za mtumba zaidi ya jozi moja na chenji ikabaki.

Hesabu hiyo ikishaandikwa, uamuzi wa kwanza hujitokeza wenyewe: mtoto wa chini ya miaka 12 acheze mahali anapoweza kufika kwa miguu, hata kama kocha wa mbali anasifiwa zaidi. Kwa mtoto anayelazimika kupanda daladala, ratiba ya mazoezi ipangwe siku za shule, mara tu baada ya vipindi, akiwa bado amevaa sare na ana kitambulisho, ili alipe nauli ya mwanafunzi. Anayesafiri Jumamosi akiwa na fulana na bukta atabishana na kondakta, na kwa kawaida atashindwa.

Anzia shuleni, kwa maana fedha ya kwanza iko huko

Elimu bila ada ilianza kutekelezwa Januari 2016 kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikapanuliwa hadi kidato cha tano na cha sita. Pamoja na kufuta ada, serikali hutoa ruzuku ya uendeshaji, ambayo imekuwa ikikokotolewa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi na shilingi 25,000 kwa wa sekondari kwa mwaka, ingawa sehemu ya fedha hiyo hubaki ngazi ya juu kwa ajili ya vitabu. Shule ya msingi yenye wanafunzi 800 ina shilingi milioni 8 kwenye makaratasi. Ukitoa fungu la vitabu, kisha chaki, mitihani, ukarabati na vifaa vya ofisi, kinachobaki kwa mipira ni kidogo, lakini mzazi asidhani kwamba hakuna kitu kabisa.

Nenda kwa mjumbe wa kamati ya shule, au wa bodi kama ni sekondari, umwombe aulize kikaoni ni kiasi gani cha ruzuku ya mwaka huu kilitumika kwa michezo na kilinunua nini. Swali hilo liulizwe kwa adabu na bila kumtuhumu mwalimu mkuu, ambaye mara nyingi ndiye anayetoa fedha yake mfukoni kununua pampu. Linapoulizwa kila mwaka, fungu la michezo huanza kuandikwa. Kenya walikwenda hatua moja mbele katika hili, kwa kuwa mgao wa shilingi 22,244 za Kenya uliopangwa kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa ulitaja waziwazi shilingi 1,500 za shughuli za nje ya darasa. Fedha inaweza kuchelewa au kupungua njiani, lakini mzazi wa huko anajua anauliza kitu gani.

Hapa lazima niseme ukweli usiopendeza. Waraka wa Elimu Namba 3 wa mwaka 2016, uliofafanua majukumu chini ya elimu bila malipo, uliacha sare za michezo mikononi mwa mzazi, pamoja na sare za shule, madaftari, matibabu na chakula cha mwanafunzi wa kutwa. Kwa hiyo shule ikikuambia ununue bukta na fulana haijavunja utaratibu. Isichoruhusiwa kufanya ni kumzuia mtoto kushiriki masomo kwa sababu mzazi hajatoa mchango, kwa maana michango ni ya hiari. Ukikutana na sharti la namna hiyo, anza na mwalimu mkuu, kisha Afisa Elimu Kata, kabla ya kupeleka jambo hilo mbali zaidi.

Ngazi inayofuata ni mashindano. UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote ya mtoto kufika mbali, kwa sababu kadiri timu inavyopanda kutoka shule hadi kata, halmashauri, mkoa na taifa, ndivyo mzigo wa kambi, usafiri na vifaa unavyohamia kwa halmashauri na mkoa. Gharama humkaba mzazi zaidi katika ngazi za chini, pale timu ya shule inaposafiri kwenda kata jirani kwa kukodi Noah moja ya kupakia watoto kumi na tano, jambo ambalo pia ni la hatari. Wazazi wa timu nzima wakichanga pamoja na mapema, gari la kueleweka hupatikana kwa fedha ileile. Tukumbuke pia kwamba mashindano haya yaliwahi kusimamishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kizazi kizima cha wanafunzi kikakosa njia hiyo. Familia zenye uwezo zilikuwa na mahali pengine pa kuwapeleka watoto wao, na wengine wakabaki na chandimu.

Njumu, jezi na cheti cha kuzaliwa

Mguu wa mtoto hukua haraka kuliko njumu zinavyochakaa. Ndiyo maana njumu za mtumba, au daluga kama wazee wanavyoziita, zinazouzwa soko la Karume, Dar es Salaam, na katika masoko mengine ya mitumba mikoani, huwa bado nzima: aliyezivaa mwanzo alizikimbia kwa kukua. Mpeleke mtoto mwenyewe akiwa na soksi atakazochezea, ajaribu zote mbili, na uzikunje soli kwa mkono uone kama gundi imeachia. Usinunue zinazompwaya namba mbili kwa hoja kwamba atazikulia, kwa sababu ataumia kifundo kabla hajazikulia. Kwa mtoto wa chini ya miaka 9 anayecheza kwenye mchanga au udongo mkavu, raba za kawaida zinatosha, na kocha anayemrudisha nyumbani mtoto wa umri huo kwa kukosa njumu anahitaji kuzungumziwa.

Njia bora kuliko zote niliyoiona ni kabati la njumu. Timu inatafuta sanduku au kabati lenye kufuli, kila jozi inaandikwa namba yake na ukubwa wake katika daftari, na mtoto ambaye mguu umezidi anarudisha za zamani na kuchukua zinazomtosha. Nilipokuwa nikisaidia timu moja ya mtaani tulianza na jozi saba, nyingine hazina kamba, na baada ya misimu miwili hatukuwa na mtoto wa kucheza peku. Siri yake ilikuwa daftari. Kabla ya kuwa na daftari tulipoteza jozi nne, na hadi leo kila mmoja ana nadharia yake kuhusu zilikokwenda.

Jezi zisichapishwe majina ya wachezaji. Jezi yenye namba tu huvaliwa na watoto watatu kwa miaka mitatu, lakini yenye jina huondoka na mwenye jina.

Cheti cha kuzaliwa hakionekani kama gharama ya michezo mpaka siku ya uhakiki wa umri, ambapo mtoto aliyefanya mazoezi miezi sita huachwa nje kwa karatasi. Tulipoteza mlinda mlango kwa namna hiyo, na mama yake alikuja uwanjani akiwa na kadi ya kliniki, ambayo msimamizi hakuikubali. Tangu mwaka 2013 RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, imekuwa ikitekeleza mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano na kuwapa vyeti bila malipo, katika ofisi za watendaji wa kata na vituo vya tiba vilivyomo kwenye mpango. Ukiwa na mtoto mdogo, fanya jambo hili sasa hata kama bado hajajua kupiga mpira. Aliyevuka umri huo atalipia, na kadiri unavyochelewa ndivyo vielelezo vinavyotakiwa vinavyoongezeka. Ukishakipata, toa nakala kadhaa na asili ibaki nyumbani. Usimkabidhi kocha cheti halisi kwa sababu yoyote ile.

Kiwanja ni gharama, hata kama hukilipii

Kiwanja cha wazi kinapotoweka, wazazi huanza kulipa bila kutambua walichopoteza. Watoto huhamia uwanja wa mbali na nauli inaingia kwenye daftari, au timu inaanza kukodi kwa saa uwanja wa nyasi bandia. Serikali imejaribu kuupunguza mzigo huo kupitia kodi: katika mwaka wa fedha 2021/22 ilisamehe kodi ya ongezeko la thamani kwa nyasi bandia za viwanja vya mpira vilivyo katika majiji, kwa idhini ya Baraza la Michezo la Taifa. Ni hatua nzuri kwa mwenye mtaji wa kuagiza nyasi. Anayekodi kwa saa hana namna ya kujua kama msamaha umefika kwenye bei anayotozwa, isipokuwa kuuliza na kulinganisha. Mfano wa kupendeza zaidi ni viwanja vya JMK Park pale Kidongo Chekundu, Dar es Salaam, vilivyofunguliwa mwaka 2015 kwa ajili ya vijana, katikati ya jiji ambalo kila kipande cha ardhi kina mtu anayekinyemelea.

Kama mtaa wenu bado una kiwanja, kilindeni kabla ya kununua mpira mpya. Nendeni kwa Afisa Mipango Miji wa halmashauri mkaulize mchoro wa eneo lenu unakitaja kiwanja hicho kuwa eneo la matumizi gani. Ikiwa mchoro unasema eneo la wazi au la michezo, ombeni nakala au barua inayothibitisha hivyo, kisha suala hilo liingizwe kwenye ajenda ya mkutano wa mtaa na liandikwe kwenye muhtasari. Ikiwa ni ardhi ya mtu binafsi anayewavumilia tu, mjue mapema kwamba siku yoyote atajenga, na muanze kuzungumza na shule ya jirani kuhusu kutumia uwanja wake jioni. Shule nyingi hukubali timu inapoahidi kwa maandishi kufyeka nyasi, kuzoa taka na kumlipa mlinzi kitu kidogo.

Kuisajili timu na kuiandikia halmashauri

Timu isiyosajiliwa hupewa pole. Iliyosajiliwa ndiyo inayoweza kupewa fedha. Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa Sheria Namba 12 ya mwaka 1967, ndilo linalosajili vilabu na vyama vya michezo, na mlango wa kuingilia ni Afisa Michezo wa halmashauri yako. Andaeni katiba fupi, orodha ya wanachama na viongozi wenye umri wa utu uzima, na muhtasari wa kikao kilichoamua kuunda klabu. Mkishasajiliwa mnaweza kufungua akaunti ya benki kwa jina la klabu, na hapo mfanyabiashara wa mtaa anayetaka kusaidia hatakuwa na kisingizio cha kutomwamini kocha.

Ombi lenyewe liwe la kitu kimoja kinachopimika. Barua inayoomba mipira, jezi, njumu, usafiri, posho na ukarabati kwa pamoja husomwa na kuwekwa kando, kwa sababu hakuna ofisa mwenye fungu la vitu vyote hivyo. Andikeni hivi, mkibadilisha mahitaji yenu:

*YAH: OMBI LA MAGOLI MAWILI NA MIPIRA KUMI KWA AJILI YA TIMU YA WATOTO YA MTAA*

*Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Klabu yetu imesajiliwa na ina watoto 46 wenye umri wa miaka 8 hadi 15, wakiwemo wasichana 17, wanaofanya mazoezi katika uwanja wa shule ya msingi ya mtaa mara tatu kwa wiki. Wazazi wamechangia kusawazisha uwanja na kununua nyavu. Tunaiomba ofisi yako itusaidie magoli mawili ya chuma na mipira kumi. Tumeambatisha nakala ya cheti cha usajili, orodha ya watoto na bei kutoka kwa wauzaji watatu.*

Sentensi inayoeleza wazazi wamechangia nini ndiyo yenye uzito kuliko zote. Barua ipite kwa Mtendaji wa Mtaa na Mtendaji wa Kata, na nakala apewe diwani. Kwa kitu kikubwa kama ukuta au vyoo vya uwanja, muulizeni diwani kuhusu Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009 na ambao kamati yake huongozwa na mbunge.

Kuna fungu jingine ambalo makocha vijana hulisahau. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Haifai kukopwa kwa ajili ya kununua mipira, kwa sababu mpira hauzalishi rejesho, lakini kikundi cha makocha kinachoshona na kuchapa jezi za shule za wilaya nzima kinaweza kuilipa na timu yake ikavaa bila mchango. Anayeshughulika na usajili wa vikundi hivyo ni Afisa Maendeleo ya Jamii.

Kuhusu Mfuko wa Maendeleo ya Michezo, ambao bajeti ya 2021/22 iliuelekezea asilimia 5 ya mapato ya kodi ya michezo ya kubashiri matokeo, mzazi asipoteze nauli kuufuata, kwa kuwa haukuundwa ili kumlipia mtoto mmoja mmoja. Inafaa hata hivyo kuutaja kila mara kiongozi anaposema serikali haina fedha ya michezo, hasa katika nchi ambayo tangu mwaka 2023 Rais amekuwa akinunua, yaani akitoa zawadi ya fedha kwa, kila goli la klabu zetu katika mashindano ya Afrika, kwa bei iliyoanzia shilingi milioni 5.

Ukiambiwa ulipie akademi

Ziko akademi za kweli, na ziko zilizo na bango na koni nne tu. Kabla ya kulipa, omba kuona cheti cha usajili na cheti cha ukocha cha atakayemfundisha mwanao, uliza kama kuna punguzo kwa ndugu wawili au kwa mtoto anayesaidia kazi za uwanjani, na udai risiti kila mwezi. Anayekutajia majaribio ya nje ya nchi na kukutaka utoe fedha ya pasipoti na viza leo jioni, mwache aende zake. Mtoto akionekana kuwa na kipaji cha pekee, ulizia kwa Afisa Michezo kuhusu shule teule za michezo katika mkoa wako, ambazo hugharimu kidogo kuliko akademi nyingi.

Gharama ya mtoto wa kike

Katika daftari lile la kwanza, mwenye binti aongeze mistari mitatu: mavazi ya ndani ya michezo, taulo za kike, na nauli ya kurudi kabla giza halijaingia. Ukosefu wa hivi ndio unaowaondoa wasichana wengi uwanjani wakifika miaka 12 au 13, wakati kaka zao wanaendelea. Serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike mwaka 2018, kisha ikairudisha mwaka uliofuata kwa maelezo kwamba bei haikushuka madukani. Wazazi waliokuwa wakitegemea unafuu huo walibaki palepale. Timu iweke taulo za dharura katika sanduku la huduma ya kwanza na mwanamke mmoja anayeaminika awe ndiye mwenye ufunguo. Mazoezi ya wasichana yawekwe mwanzo, ya wavulana yafuate, maana mpangilio huo pekee hufuta gharama ya bodaboda ya jioni. Netiboli, kwa vile huhitaji uwanja mdogo na raba za kawaida, ndiyo rahisi kuanzisha, ingawa msichana anayetaka mpira wa miguu apewe mpira wa miguu.

Fuata kalenda ya serikali

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na bajeti ya halmashauri huandaliwa miezi kadhaa kabla ya hapo. Barua inayofika Mei, timu ikiwa inajiandaa kwa mashindano ya Juni, hukuta kila shilingi imeshapangiwa kazi. Kwa hiyo suala la vifaa na uwanja lipelekwe kwenye mkutano wa mtaa mnamo Septemba au Oktoba, barua iwe imefika halmashauri kabla ya Desemba, na mwezi Februari mtu mmoja atumwe kuuliza imefikia wapi. Peleka nakala mbili, na ile unayorudi nayo igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kwa sababu ofisa aliyeipokea anaweza kuwa amehamishwa utakaporudi kuifuatilia.